Kabla ya kupanda Himalaya na familia, semeni nani atashuka na nani

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa furaha, na baadaye kwa wasiwasi, makala mliyoichapisha katika ukurasa wa safari kuhusu familia na marafiki wanaokwenda kutembea kwa miguu katika milima ya Himalaya. Nilifurahi kwa sababu mwandishi wenu aliiandika Nepal kama nchi ya watu wanaolima viazi, wanaochunga mifugo na kupeleka watoto shule, badala ya kuiandika kama kilele kimoja cha Everest chenye mita 8,848.86. Wasiwasi uliniingia nilipofika kwenye kile kisanduku cha pembeni chenye ratiba ya siku kwa siku ya kufika kambi ya chini ya Everest, kwa kuwa ratiba hiyo ina usiku mmoja tu wa kulala Dingboche, kijiji kilicho njiani, na chini yake ipo sentensi isemayo kwamba yeyote mwenye mazoezi ya kutosha ataimudu. Nimewahi kuipita njia hiyo nikiwa na watu wangu saba, na ningeomba nafasi ya kueleza kwa nini kisanduku hicho kinaweza kumponza msomaji atakayekikata na kukitia mfukoni.

Kinachomsumbua mtu kule juu ni hewa kupungua msukumo. Kambi ya chini ya Everest ipo mita 5,364 juu ya usawa wa bahari, na hapo kila pumzi huingiza takriban nusu tu ya oksijeni ambayo mtu huipata akiwa pwani. Mwili unaweza kuizoea hali hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini huizoea usiku kwa usiku, wala hauharakishwi kwa ubishi au kwa pesa. Ndiyo maana madaktari wa milimani hushauri kwamba, mtu akishavuka mita 3,000, mahali anapolala leo pasizidi mahali alipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne abaki mahali pale pale kwa usiku wa ziada.

Tuipime ratiba yenu kwa kanuni hiyo. Namche Bazaar ipo mita 3,440, Tengboche 3,867, Dingboche 4,410, Lobuche 4,940 na Gorak Shep 5,164. Kutoka Tengboche hadi Dingboche mtu anapanda mita 543, na kutoka Dingboche hadi Lobuche anapanda mita 530, yaani hatua mbili zinazofuatana na zote mbili zimekipita kiwango. Kinachozifanya zivumilike ni ule usiku wa pili wa Dingboche ambao mwandishi wenu ameuondoa, nadhani kwa sababu kwenye karatasi unaonekana kama siku ya kukaa bure. Waliowahi kuwepo wanajua kwamba siku hiyo haikaliwi: asubuhi watu hupanda kilima cha Nangkartshang nyuma ya kijiji mpaka pumzi ziwakate, wakageuka, wakateremka na kulala pale pale walipoamkia, ili mwili uonje mwinuko kabla ya kukabidhiwa huko usiku kucha.

Kuhusu mazoezi, naomba niseme wazi kwamba hayamkingi mtu na maradhi ya mwinuko. Mapafu na miguu iliyozoea kukimbia humfikisha mtu juu haraka, na pengine hapo ndipo penye hatari yake. Katika kundi letu la watu wanane, mwenye mazoezi kuliko wote alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ambaye hukimbia mbio ndefu na ndiye aliyekusanya michango yetu mwaka mzima na kuihesabu hadi senti ya mwisho. Wa mwisho kufika kila jioni alikuwa mama yangu mzazi, mwenye miaka 61, ambaye kila baada ya hatua ishirini alisimama kumsalimia kwa ishara bibi yeyote aliyekuwa akibandika kinyesi cha yak, ng'ombe wa kule mwenye manyoya marefu, ukutani ili kikauke kiwe kuni. Mama alilala vizuri kila usiku. Shemeji hakulala.

Dalili zake zilianza Dingboche, lakini hilo tulikuja kulijua baadaye. Mfukoni mwa koti alikuwa na pakiti ya vidonge vya kutuliza maumivu, akawa anavimeza kimyakimya kwa siku mbili. Mezani alichota kijiko cha supu ya kitunguu saumu, akakizungusha bakulini, akakirudisha bila kukitia mdomoni, na tulipomuuliza alijibu kwamba ameshiba chai. Nilipomhoji baada ya yote kwisha kwa nini hakusema, hakutaja ujasiri wala hamu ya kufika. Aliniambia, "Shemeji, ningetapika vipi mbele ya mama?"

Wasomaji wenu hawahitaji kutafsiriwa maneno hayo. Mkwe akiwa mbele ya mama mkwe hukaa wima, hula kwa kipimo, hucheka kwa kipimo, wala haugui hadharani. Ni heshima nzuri, nami sina nia ya kuibeza, lakini kule juu, ambako kuta za vyumba vya wageni ni mbao nyembamba na watu wote hukusanyika kulizunguka jiko moja tu lenye moto, heshima hiyo humnyima mgonjwa hata kona ya kuugulia. Wala hakuwa peke yake. Binti yangu wa miaka 13 alificha kichwa kilichomuuma kwa kuogopa kuambiwa abaki nyuma na bibi yake. Rafiki mmoja wa mume wangu alikaa kimya asije akaonekana ndiye aliyewachelewesha wenye familia yao. Mimi mwenyewe nilidanganya mara moja pale Namche, nikasema ni jua. Nimefikia kuamini kwamba katika msafara wa watu wasiojuana mtu hulalamika mapema, kwa kuwa amelipa na hana wa kumwonea haya, ilhali katika msafara wa wapendanao kila mmoja humbebea mwenzake raha yake mpaka mmoja aanguke.

Lobuche ni nyumba chache zilizojikunyata kando ya mto wa barafu wa Khumbu. Yapata saa tatu usiku shemeji alitaka kwenda chooni, akainama kufunga kamba za viatu. Alizishika, akazipitisha, zikamponyoka. Akaanza upya. Mara ya nne alizitazama kama mtu asiyewahi kuona kamba maishani mwake. Kiongozi wa msafara wetu, aliyekuwa akinywa chai upande wa pili wa jiko, aliweka kikombe chini na kumwomba atembee juu ya mstari wa ubao wa sakafu, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine, hatua kumi. Katika hatua ya tatu alipepesuka, akaudaka mkono wa mama mkwe wake ili asianguke. Mtu kutembea kama mlevi ilhali hajanywa ni dalili kwamba ubongo umeanza kuvimba, na tiba ya kwanza ya hali hiyo ni kushuka, saa hiyo hiyo, hata kama nje ni giza na maji yameganda njiani.

Hapo ndipo tuliposhindwa, Mhariri, na hapo ndipo ilipo sababu hasa ya barua hii. Kwa mwaka mzima tulikuwa tumejadili mifuko ya kulalia, soksi, betri, na nani alale chumba kimoja na nani. Hatukuwahi kujadili nani atashuka na nani. Mdogo wangu alisema yeye ndiye mke, kwa hiyo ataondoka na mumewe, lakini naye kichwa kilikuwa kikimgonga na kusimama kwenyewe kulimshinda. Mama akasema hawezi kumwacha mtoto wake aende usiku bila mzazi, na mtoto aliyemkusudia alikuwa mkwe wake. Mume wangu alitaka tusubiri alfajiri. Mmoja wa marafiki aliuliza kwa sauti ya chini zile siku zilizobaki zitakuwaje ikiwa sote tutashuka, na mpaka leo simlaumu, kwani ndilo swali lililokuwa kichwani mwa kila mmoja wetu. Kiongozi alisimama mlangoni, taa ikiwa kwenye paji la uso, akiisubiri familia imalize kikao. Tulitumia dakika 40.

Hatimaye waliondoka watu wanne: mgonjwa, kiongozi, mume wangu na mpagazi mmoja. Njia itokayo Lobuche hupita kwanza kwenye mawe, kisha hufika ukingo wa Thukla, mahali ilipojengwa minara ya mawe kuwakumbuka waliofia milimani, ndipo huteremka kwa ghafla. Mume wangu anasimulia kwamba shemeji aliomba kuketi pale pale kati ya minara hiyo, na kwamba mpagazi, bila kumwuliza mtu, aliinama akamweka mgongoni kwa namlo, ule mkanda wa paji la uso ambao tangu Lukla, penye kiwanja cha ndege, alikuwa akibebea mabegi yetu. Walifika Pheriche, mita 4,371, kabla ya mapambazuko. Huko ipo zahanati ya Himalayan Rescue Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1973, ambayo hufunguliwa katika misimu miwili ya wageni, wa masika ya kule na wa vuli, na ambayo madaktari wake hutoa somo la maradhi ya mwinuko kila alasiri kwa yeyote anayepita. Tulikuwa tumepita upande wa Dingboche, hatukulisikia. Shemeji alipewa oksijeni na dawa, na ilipofika mchana aliweza kuwataja watoto wake kwa mpangilio wa kuzaliwa.

Yule mpagazi alikuwa akikohoa tangu Dingboche. Sote tulimsikia, kwa sababu mbao zile hazifichi kitu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza amelalaje. Hilo linanisumbua kuliko zile dakika 40. Makala yenu inamwita kila abebaye mzigo Sherpa, ilhali Sherpa ni jina la kabila, na maana yake ni watu wa mashariki, ambao asili yao ni Tibet na ambao wengi wao leo ni wenye nyumba za wageni na viongozi wa safari. Wapagazi wengi wa njia ile ni Warai, Watamang au Wamagar, wakulima wa vilima vya chini wanaopanda msimu ukifika, na mwinuko huwaumiza kama unavyomuumiza mgeni aliyetoka kando ya bahari. International Porter Protection Group, shirika lililoanzishwa mwaka 1997 kutetea hali zao, limekuwa likihimiza kwamba mzigo wa mpagazi uwekewe mpaka, apewe nguo za baridi na mahali pa kulala, na akiugua asiachiwe ashuke peke yake. Mtu anayekwenda na jamaa zake ahesabu, basi, kwamba jamaa hao wameongezeka, na lile swali la jioni la nani anaumwa kichwa lizunguke hadi jikoni wanakokula wapagazi.

Namna ya kuliuliza swali hilo ina umuhimu wake. Likiulizwa mezani, wote watajibu kwamba hawajambo. Safari ya kurudi tulimwomba kiongozi amchukue kila mtu kando asubuhi, mmoja mmoja, amwulize kuhusu kichwa, tumbo, usingizi na hatua zake, na majibu yabaki kwake isipokuwa yakidai jambo la kufanywa. Ghafla watatu kati yetu tukawa na maradhi. Ndiyo maana naona familia inamhitaji kiongozi asiye ndugu hata kama baba anaijua ramani kwa moyo. Tangu Aprili 2023 Bodi ya Utalii ya Nepal imeagiza wageni watembee na kiongozi aliyesajiliwa, na ingawa agizo hilo halifuatwi kwa namna moja kila mahali, kwa kundi la ndugu nalihesabu kuwa jambo la lazima.

Watoto wadogo wanahitaji jicho zaidi, kwa kuwa hawawezi kueleza kinachowasibu. Mtoto anayekataa chakula, anayenuna bila sababu, au aliyeacha kucheza akiwa kwenye mwinuko mkubwa achukuliwe kuwa ana maradhi ya mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo, na ashushwe. Vidonge vya asetazolamidi, ambavyo madaktari huwapa wasafiri wengi, husaidia mwili uzoee mapema, lakini vinatakiwa kujadiliwa na daktari kabla ya kuondoka, hususan kwa mtu mwenye mzio wa dawa za salfa, na havimpi mtu ruhusa ya kuendelea kupanda huku anaumwa. Vidonge vya maumivu navyo visifichwe mfukoni. Sisi sasa huviweka katika mfuko mmoja kwa mtu mmoja, na anayevitaka huviomba kwake.

Jambo jingine ambalo kisanduku chenu kimelipita ni siku za akiba. Njia ya kuruka ya Lukla ina urefu wa mita 527, imejengwa kwa mteremko, upande mmoja kuna ukuta wa mlima na upande mwingine bonde, na wingu likishuka ndege hazitui. Katika miezi yenye wageni wengi ndege nyingi huondokea Manthali, mwendo wa saa kadhaa kwa gari kutoka Kathmandu. Ratiba isiyo na siku mbili au tatu za akiba humsukuma kila mtu apande haraka ili awahi ndege, na mgonjwa huona kwamba akisema anaumwa atawakosesha wenzake safari ya kurudi nyumbani. Bima nayo isomwe mstari kwa mstari, maana nyingine huishia mita 3,000 au 4,000, na iwe inalipia helikopta. Isomwe pia kwa macho makavu, kwa sababu mwaka 2018 serikali ya Nepal ililazimika kuchunguza biashara ya helikopta zilizoitwa kwa wagonjwa wasiokuwa mahututi ili kampuni za bima zitozwe.

Namalizia na ushauri ambao huenda usiwafurahishe wapenzi wa picha za Everest. Familia yenye wazee na watoto ina njia nyingine nzuri ambazo haziwaweki watu wake kwenye mtihani huo. Kutoka upande wa mji wa Pokhara mtu hutembea siku nne au tano katika misitu ya miti ya gurans, ambayo huchanua maua mekundu masika, akalala Ghorepani na kupanda Poon Hill, mita 3,210, alfajiri, ambapo milima ya Dhaulagiri yenye mita 8,167 na Annapurna yenye mita 8,091 hushika rangi moja baada ya nyingine huku wazee wamekaa kwenye mabenchi na chai mkononi. Bonde la Langtang hufikiwa kwa gari hadi Syabrubesi bila kungojea ndege, na hupanda polepole hadi Kyanjin Gompa, karibu mita 3,870. Kijiji cha Langtang kilifunikwa na maporomoko siku ya tetemeko la Aprili 25, 2015, na waliosalia wamejenga upya nyumba za wageni juu kidogo ya pale. Ukipita unakuta ukuta wenye majina ya waliokufa, na hao waliojenga upya wanafurahi wageni wanapolala kwao.

Kwa wale ambao bado watataka kambi ya chini ya Everest, na najua watakuwepo kwa kuwa hata binti yangu hajakata tamaa, naomba kile kisanduku kichapishwe tena kikiwa na usiku wa pili wa Dingboche. Naomba pia kwamba katika safu ya kwanza kabisa, kabla ya siku ya kufika Kathmandu, pawekwe mstari wa kujazwa kwa kalamu na kila msafiri: fulani akishuka, anashuka na fulani. Mama yangu, niliyemsomea barua hii kabla ya kuituma, anasema kwenye mstari wa shemeji aandikwe yeye.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi